Je, Wajua? Bunduki ya Bolti, Kabla Hujaitoa Dukani

Je, wajua kwamba bolti ya bunduki ya kuwindia hufanya kazi ileile ya komeo la mlango? Unalisukuma mbele, unalilaza chini, mlango umefungwa. Ila nyuma ya komeo hili kuna uso wako, na mbele yake, risasi ya .30-06 inapolipuka, gesi ya moto husukuma kwa mgandamizo unaofikia karibu mara 4,000 ya hewa tunayovuta kila siku. Ukienda dukani kulinganisha bunduki mbili, anza na komeo. Mbao inayong'aa utaitazama baadaye.

Je, wajua kwamba komeo hilo lilikomaa mikononi mwa mtoto wa fundi bunduki? Paul Mauser alizaliwa mwaka 1838 katika mji mdogo wa Oberndorf, Ujerumani. Kabla yake, Johann Nikolaus von Dreyse alikwisha kuwapa askari wa Prussia bunduki ya bolti, iliyopokewa jeshini mwaka 1841, lakini ilikuwa ikivujisha gesi usoni mwa mpigaji. Mauser alihangaika na kasoro za namna hiyo miaka mingi, na tarehe 5 Aprili 1898 jeshi la Ujerumani likapokea Modeli 98. Meno mawili makubwa mbele ya bolti hushika mwili wa bunduki. La tatu, lililo nyuma, ni la akiba endapo yale mawili yatakatika. Kuna na vitundu vya kupitishia gesi pembeni, ili ganda la risasi likipasuka moto usielekee jichoni. Miaka zaidi ya 120 imepita, na ukishika Rigby mpya ya London au CZ 550 ya Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, unashika wazo lilelile.

Je, wajua kwamba tofauti kubwa kuliko zote kati ya bunduki mbili za bolti haionekani kwa nje? Iko kwenye kucha. Bunduki za ukoo wa Mauser zina kucha ndefu ya chuma ubavuni mwa bolti. Risasi inapopanda kutoka magazini, ukingo wa kitako chake huteleza chini ya kucha na kukamatwa hapohapo, hata kabla haijaingia chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Kwa ukoo wa pili, ambao Remington 700 ya mwaka 1962 ndiyo maarufu zaidi, bolti huisukuma risasi tu. Kucha ndogo huikamata mwishoni kabisa, bolti inapofungwa.

Hili unaweza kulipima mwenyewe palepale kaunta. Mwombe muuzaji risasi bandia, zile zisizo na baruti wala fataki. Jaza magazini, sukuma bolti polepole hadi nusu ya safari, kisha ivute nyuma. Kwenye bunduki ya kucha ndefu, risasi itarudi pamoja na bolti na kurushwa nje. Utaisikia ikigonga sakafu. Kwenye ile ya kusukuma, risasi inaweza kubaki imelala njiani bila mwenyewe. Ukisukuma tena, ya pili inaifuata ya kwanza mgongoni, na sasa risasi mbili zinagombea chemba moja. Mkono wenye hofu ndio unaofanya kosa hili: unakoki nusu, unarudisha, unakoki tena. Mbogo akiwa hatua 20 hakuna wa kukusubiri uchomoe risasi kwa kidole.

Lakini tusiwaonee watu wa kusukuma. Bolti yao ina vipande vichache, ni nafuu kutengeneza, na kwa shabaha haina aibu yoyote: bunduki za walenga shabaha wa jeshi la Marekani, M40 na M24, zilijengwa juu ya hiyohiyo Remington 700. Anayewinda swala na nguruwe pori hatapoteza usingizi kwa sababu ya kucha. Anayewinda mbogo au simba, mimi ningemwambia achukue kucha ndefu na asilegeze.

Je, wajua kwamba namba iliyochongwa kwenye bunduki inaweza kupandisha bei? Winchester ilitoa Modeli 70 mwaka 1936, ikiwa na kucha ndefu. Mwaka 1964 kiwanda kikabadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama: kucha ndefu ikaondoka, urembo wa kitako ukapigwa kwa mashine ya kukandamiza. Wateja walikasirika, na hasira hiyo haijaisha. Namba za toleo jipya zilianzia 700000. Bunduki yenye namba ya chini ya hapo wanunuzi huiita ya "kabla ya 64" na kuilipia zaidi. Kucha ndefu ilirudi kwenye Modeli 70 miaka ya 1990, kwa hiyo usilipe bei ya historia kama unachotaka ni kucha peke yake.

Je, wajua maana ya zile tarakimu? .375 ni sehemu ya inchi, takriban milimita 9.5. Kwenye .30-06, ile 06 ni mwaka 1906, risasi hiyo ilipopokewa na jeshi la Marekani. 7x57 ni milimita 7 za upana wa risasi na milimita 57 za urefu wa ganda. Na 7x57 ndiyo hiyohiyo ambayo Waingereza waliibatiza .275 Rigby.

Kuna jambo la hatari hapa, nalo nalisema kwa msisitizo: mtu akikuambia anauza "risasi za three hundred", hajakuambia kitu. .300 Winchester Magnum si .300 Holland & Holland, na .308 ni nyingine kabisa. Soma maandishi ya kwenye mtutu, soma ya kwenye kitako cha ganda, yafanane herufi kwa herufi. Yasipofanana, usijaribu.

Je, wajua kwamba neno "risasi" lenyewe ni jina la madini? Ni Kiarabu, na madini hayo mazito ya kijivu ndiyo yaliyokuwa yakiyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. "Bunduki" nayo ina undugu na bunduq, kokwa dogo la mviringo ambalo jina lake lilihamia kwenye vidonge vya kurushwa. "Darubini" ni Kiajemi: kuona mbali.

Je, wajua kwamba moshi uliwahi kuamua nani ana bunduki nzuri? Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoingia Tanga Novemba 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi. Kila mlio ulipandisha wingu jeupe, na wingu lilimwonyesha adui mpigaji amelala wapi. Baruti isiyo na moshi ilikuwa imekwisha kugunduliwa Ufaransa miaka 30 nyuma, na Paul Vieille, mwaka 1884. Waingereza walipokimbilia meli zao waliacha silaha za kisasa za kutosha kampuni tatu za askari. Gobore linaloshindiliwa kwa mbele lina tatizo lilelile la moshi mpaka leo, na lingine la kupiga mara moja tu.

Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka bunduki ya upande wa Waingereza, Lee-Enfield ya .303, "thrii-no-thrii", waliyoibeba askari wa KAR (King's African Rifles). Bolti yake ni ya mtu mwenye haraka. Hugeuzwa nyuzi 60 badala ya 90 za Mauser, na magazini yake hubeba risasi 10. Meno yake yako nyuma ya bolti, mbali na chemba, jambo linaloifanya iwe nyepesi kuchezesha lakini isifae sana risasi zenye nguvu za siku hizi.

Je, wajua kwamba tembo wapatao 800 waliangushwa na risasi ndogo ambayo leo wengi wangeichukua kwa swala? Walter Bell, Mskoti aliyepewa lakabu ya Karamojo kwa ajili ya nchi ya Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby. Habari hii ndiyo inayowaponza wanunuzi wapya. Wanasikia "tembo kwa 7x57" na kusahau yaliyobaki: Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, alitumia risasi ngumu zisizochanua, aliwaendea wanyama waliokuwa hawajazoea bunduki, na alikuwa mpigaji wa ajabu. Tembo aliowaua vilevile hatutawarudisha. Leo, katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, iwe kwa sheria au kwa desturi, mnyama wa hatari haanziwi chini ya .375.

Na hiyo .375 Holland & Holland ina umri gani? Ilitoka 1912. Imeona vita viwili vya dunia, na bado wawindaji bingwa wengi wakiambiwa wachague bunduki moja ya kuzunguka nayo Afrika nzima huitaja hiyo. Risasi yake ya kawaida ina gramu 19.4 na hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. .30-06 hurusha gramu 11.7 kwa takriban mita 820. Ule mkanda ulioko chini ya ganda la .375 watu hudhani ni wa kuliimarisha. Kazi yake ni kuliweka ganda mahali pake ndani ya chemba, kwa kuwa mabega yake yameteremka mno kuweza kulishika.

Sasa bega lako. Je, wajua kwamba .375 ya uzito wa kilo nne hupiga teke karibu mara mbili ya .30-06? Dukani hulihisi, kwa sababu dukani hupigi. Mwindaji Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori letu kubwa la kusini mwa Tanzania na ambaye kaburi lake liko Beho Beho, alianza ujana wake kwa bunduki za kushindilia za "bore 4", za risasi nne kwa ratili moja, yaani kila moja gramu zaidi ya 110. Aliandika baadaye kwamba anajuta kuwahi kuzishika, kwa jinsi zilivyomharibia utulivu wa kulenga. Huyo alikuwa Selous. Mtu akishaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, hakuna darubini ya bei yoyote itakayomsaidia, na risasi itaingia tumboni badala ya moyoni. Mbogo aliyejeruhiwa Jumamosi hukutana Jumatatu na mama anayeokota kuni. Hilo ndilo linalonifanya nirudie kila mara: nunua nguvu ambayo bega lako linaihimili, hata kama marafiki wana kubwa zaidi.

Je, wajua namna ya kujua kama bunduki imekaa mwilini mwako? Muuzaji akishakuonyesha kwamba chemba na magazini ni tupu, nawe ukahakikisha kwa jicho na kwa kidole, geukia ukuta usio na mtu nyuma yake. Fumba macho. Inua bunduki, iweke begani, shavu juu ya kitako, kama vile umemwona mnyama. Fumbua macho. Ukikuta jicho limeangukia katikati ya darubini bila kunyoosha wala kukunja shingo, kitako hicho ni chako. Ukikuta kiza, kitako hakijakukaa. Rudia mara tano, kisha rudia ukiwa umevaa koti, maana asubuhi ya Julai porini haikuachi na fulana.

Mwenye mkono wa kushoto atafute bolti ya kushoto. Zipo.

Darubini ya bunduki nzito ikae walau sentimita 9 kutoka kwenye jicho. Wanaopuuza hili hubaki na kovu la nusu mwezi juu ya nyusi.

Je, wajua risasi huzunguka mara ngapi angani? Mifereji ya ndani ya mtutu wa .30-06 kwa kawaida hukamilisha mzunguko mmoja kila sentimita 25.4. Kwa kasi ya mita 820, risasi hutoka ikizunguka zaidi ya mara 3,200 kwa sekunde. Mzunguko huo ndio unaoifanya isipinduke njiani, na ndiyo sababu mtutu uliolika kwa kutu hupoteza shabaha. Kwa bunduki iliyotumika, chomoa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga na tazama kutokea nyuma. Mifereji iwe na makali, ing'ae, isiwe na mashimo madogo kama ngozi iliyopona ndui. Tazama na ncha ya mtutu, maana ikigongwa hapo risasi hutoka imeinamishwa. Kisha mpelekee fundi apime nafasi kati ya bolti na ganda kwa vipimo vyake. Hilo halipimwi kwa macho.

Pwani na mabondeni kama Kilombero, mbao hunyonya unyevu na kuvimba, ikausukuma mtutu, na shabaha iliyowekwa Dodoma ikahama. Kitako cha plastiki ngumu hakina uzuri wa mbao ya jozi lakini hakivimbi. Na chuma cha pua nacho hushika kutu, polepole tu. Mafuta ni wajibu kwa wote.

Je, wajua kwamba Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt aliteremka Mombasa Aprili 1909 akiwa na Springfield ya bolti, na akaitumia sana, ingawa mizigo yake ilikuwa na bunduki kubwa ya mitutu miwili? Springfield ile ilinakili Mauser kiasi kwamba Marekani ililazimika kuilipa kampuni ya Mauser kwa hataza zake.

Na je, wajua kisa cha bunduki ya kuazima huko Tsavo, Kenya? Mwaka 1898 mhandisi John Patterson alimngoja mmoja wa simba wala watu akiwa na bunduki nzito ya mitutu miwili aliyoiazima. Simba alipojitokeza karibu kabisa, mtutu wa kwanza uligoma kulipuka. Patterson alishtuka hata akasahau kwamba ana mtutu wa pili. Simba wote wawili aliwaua Desemba ya mwaka huohuo, na sasa wako jumba la makumbusho la Field, Chicago. Usiende porini na bunduki ambayo hujaipiga wewe mwenyewe, kwa risasi zilezile utakazobeba.

Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wala watu wa India, naye alizawadiwa .275 Rigby mwaka 1907. Alistaafu Nyeri, Kenya, akafia huko 1955 na kuzikwa huko. Alikuwa amekwisha kuelekeza moyo wake kwenye kamera na kuhifadhi wanyamapori.

Je, wajua kwamba risasi ya madini ya risasi huua hata baada ya mwindaji kuondoka? Vipande vidogo hubaki kwenye matumbo yanayoachwa porini, tumbusi huyala, sumu huwamaliza. California imekataza risasi hizo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Zipo risasi za shaba tupu, zinachanua vizuri na kupenya sana. Ukichagua bunduki, uliza kama inazipenda, maana kila mtutu una chaguo lake.

Je, wajua sheria inasemaje? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huko bunduki hii haina mnyama halali. Tanzania huruhusu, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kwa leseni, msimu na eneo, na hairuhusu kuwinda kwa bunduki zinazojikoki zenyewe. Hii ni sababu moja ya bolti kutawala. Umiliki wenyewe unasimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kibali huandikwa kwa silaha fulani yenye namba fulani. Kwa hiyo maswali yote haya yanaulizwa kabla ya maombi, na swali la kwanza kwa muuzaji liwe: risasi za bunduki hii nazipata hapa nchini mwaka mzima? Akisitasita, hamia nyingine. Bunduki nzuri isiyo na risasi ni mzigo wa kilo nne.

Kama ningeulizwa leo, ningesema hivi. Kwa swala pala, ngiri, nguruwe pori na kongoni, .30-06 au 7x57, ukoo wowote wa bolti, ilimradi kitako kimekukaa. Kwa mbogo, .375 ya kucha ndefu, yenye kizuizi cha usalama cha hatua tatu kinachokuwezesha kutoa risasi huku kifyatulio kimefungwa. Kabla ya kulipa, omba kuipiga .375 hiyo kiwanjani ukiwa umesimama, risasi kumi. Bega likikataa, mwambie muuzaji ukweli, rudi nyumbani na .30-06, na mbogo waachie wengine.